Motokaa ya Jicho Moja

Wanafunzi wangu, nataka kuwasimulia habari ya motokaa ya shule yetu, nayo ni habari ya kosa langu mwenyewe. Mwalimu huzoea kuwaonyesha wanafunzi makosa yao kwa wino mwekundu. Leo nitayaonyesha yangu, nanyi myasome, mpate faida yake bila ya kulipa gharama niliyolipa mimi.

Nalikuwa nikifundisha katika shule ya misheni milimani Usambara, kando ya barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto. Motokaa ya shule iliundwa mwaka 1986, hata ilipofika mikononi mwangu ilikuwa kuukuu. Ilikuwa imekwisha chukua mahindi, mabati, wagonjwa na maharusi, na siku nyingine jeneza. Mbele yake ilikuwa na taa mbili za mviringo, kila moja upana wake kama sentimita 18, zimekaa kama macho ya bundi. Watoto waliipa jina la Bibi, kwa maana kila ilipopanda mlima ilikohoa.

Basi mwaka mmoja, mwanzo wa mvua za masika, taa ya upande wa kulia ilianza kufifia. Kwanza iliwaka rangi ya manjano kama kibatari. Kisha ikawa yazimika, nami huipiga kofi, nayo huwaka tena. Mwisho hata kofi halikufaa. Fundi mmoja mzee pale Soni, aliyezoea kuitengeneza motokaa yetu, aliitazama akaniambia, "Mwalimu, motokaa hii ina chongo. Niachie siku moja tu."

Nikamjibu, "Mzee, mimi sisafiri usiku. Na hata nikisafiri, jicho moja latosha kuona njia."

Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Taa si ya kuonea tu, Mwalimu. Taa ni ya kuonekana."

Sikuyatia maneno yale moyoni. Fedha ya kutengeneza taa nalikuwa nayo, lakini nalikuwa nimeiweka ninunue mabati ya nyumba yangu, nikaona motokaa itangoja. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nalikuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni kila mwaka, wao wakainakili vizuri, na mimi mwenyewe sikuisoma.

Usiku mmoja, yapata saa nne, mama mmoja alibisha hodi mlangoni kwangu. Mtoto wake, kijana wa darasa la sita, alikuwa ameshikwa na tumbo tangu adhuhuri, akitapika, na maumivu yamehamia upande wa kulia chini. Nalipomgusa alilia. Nikaona ya kuwa hapana kungoja asubuhi. Tukampakia katika motokaa, mama yake akampakata kichwa, tukashika njia ya kwenda hospitali Lushoto.

Waijuao barabara ile hawataki kuelezwa. Ni ya lami, lakini ina kona nyingi, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mmoja genge. Usiku ule ukungu ulikuwa umeshuka. Nalipowasha taa ya juu, mwanga ulirudi machoni mwangu kama ukuta mweupe, maana matone madogo ya ukungu hurudisha nuru kwa yule aliyeituma. Nikateremsha mwanga chini, nikaenda polepole. Taa yangu ya kushoto ilimulika ukingo wa barabara. Upande wa kulia ulikuwa giza.

Tulipofika penye kona moja nikaona mataa mawili yanakuja kutoka juu. Lilikuwa lori la mboga, lililobeba kabeji na karoti kwenda soko la Dar es Salaam. Nalingoja lirudi upande wake, lakini halikurudi. Lilizidi kuja, gurudumu moja upande wake, na gurudumu moja upande wangu. Nikapiga honi, nikaupinda usukani kushoto, na gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni penye ukuta wa mlima. Lori likapita. Nalisikia kioo changu cha pembeni kikivunjika, kisha nikasikia breki zake zikilia huko chini, kisha kimya.

Dereva akaja mbio, na utingo wake nyuma. Alikuwa akitetemeka kuliko mimi. Akasema, "Nisamehe, Bwana. Nimeona taa moja ukingoni, nikadhani ni pikipiki. Nikajua nafasi yatosha."

Sikuwa na neno la kumjibu. Katika nchi yetu tunaendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo taa iliyo karibu na mtu ajaye mbele yetu ni ile ya kulia. Ile ndiyo imwambiayo, "Mwili wangu umefika mpaka hapa, usipite." Taa yangu ya kulia ilikuwa imekufa. Yeye aliona nuru moja upande wa mbali, akayapa yale makuti ya kando nafasi ya pikipiki, naye alifanya sawasawa na alivyoona. Kumbe katika giza lile palikuwa na nusu ya motokaa, nami nimo ndani yake, na mtoto wa watu nyuma yangu.

Ndipo kijana akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwani hawakutuona?"

Mama yake hakusema kitu. Alinitazama tu katika kioo. Nimekemewa mara nyingi katika maisha yangu, na wakubwa na wadogo, lakini sijapata kukemewa kama nilivyokemewa na kimya kile.

Wanaume wale wawili wakasukuma, nasi tukatoka mtaroni. Kisha utingo akaenda katika lori akaleta tochi yake, akaifunga kwa mpira wa baiskeli juu ya taa iliyokufa, akaiwasha, akasema, "Nenda nayo, Mwalimu. Utanirudishia." Tukaenda hivyo mpaka Lushoto. Kijana alikuwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Akapasuliwa usiku uleule, akapona.

Siku ya pili nalimpelekea fundi motokaa. Hakuniuliza, "Sikukuambia?" Alichukua bisibisi, akafungua bangili ya taa, akaitoa taa yenyewe, akanipa niishike. Akasema, "Tazama ndani."

Nikatazama. Nyuma ya taa pana bakuli la madini lililopakwa rangi ya fedha ing'aayo kama kioo. Kazi yake ni kuikusanya nuru ya globu na kuirusha mbele. Bakuli la taa yangu lilikuwa limeingia maji, likashika kutu, na ile fedha imebanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Globu nayo uzi wake umekatika. Nikasema, "Basi nitanunua globu." Mzee akacheka, akasema, "Globu mpya katika bakuli hili ni kama kuwasha mshumaa ndani ya chungu cheusi. Nunua taa nzima. Na ununue mbili, kwa maana hili la kushoto nalo ni mgonjwa, ila halijalala kitandani."

Alipokuwa akifungua ile ya pili alinieleza habari za taa, maana alikuwa mtu wa kusoma. Motokaa za kwanza ziliwashwa taa za mafuta, kisha taa za gesi itokayo katika jiwe la kabidi litiwapo maji. Mwaka 1912 kule Marekani motokaa za Cadillac zilianza kuuzwa zikiwa na taa za umeme na mtambo wa umeme wa kuwashia injini. Mwaka 1940 huko huko Marekani wakaanza kutumia taa iliyozibwa, ambayo kioo chake na bakuli lake na uzi wake ni kitu kimoja. Uzi ukikatika hutupwa yote. Mwaka 1962 taa ya halojeni ikaanza katika motokaa za Ulaya, na mwaka 1971 ikaja globu ya namna ya H4, yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, uzi wa mwanga wa juu wa wati 60, na uzi wa mwanga wa chini wa wati 55. Ndiyo iliyokuwamo katika motokaa yetu.

Nikashuka Tanga kununua taa. Muuza spea mmoja alinionyesha taa mbili mpya, zang'aa, bei yake nusu ya bei niliyoambiwa na fundi. Nalifurahi kama mtu aliyeokota. Alitaka kuniuzia na globu za LED, akisema nuru yake ni kali kama ya mchana, lakini nalikumbuka onyo la mzee. Aliniambia ya kuwa taa hupimwa kwa mahali uzi wake unapokaa. Ukitia globu ya namna nyingine katika taa isiyotengenezwa kwayo, nuru hutawanyika, nawe utawapofusha wajao mbele yako. Basi nikanunua globu za halojeni, nikarudi na vitu vyangu.

Mzee alizipokea zile taa, akaugeuza uso wa moja mbele ya jua, akasoma maandishi madogo ya kioo. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mshale u wapi?"

Sikujua habari za mshale. Akanieleza hivi. Mwanga wa chini hauwi sawa pande zote mbili. Kwa upande wa wajao, hukatwa chini, usiwapige machoni. Kwa upande wa ukingo wa barabara hupanda kidogo, ili dereva aone waendao kwa miguu, na baiskeli, na ng'ombe. Basi taa ya nchi za kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, hupanda kushoto. Taa ya nchi za kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo, hupanda kulia. Kwa kanuni za Ulaya, taa ya nchi za kushoto huandikwa mshale mmoja katika kioo, nao huelekea mkono wa kuume wa mtu aliyesimama akiikabili taa. Ya nchi za kulia haina mshale. Taa zangu hazikuwa na mshale.

Nikabishana naye, kwa kuwa fedha ilikuwa imekwisha kutoka. Nikasema, "Mzee, nuru ni nuru." Hakujibu. Alizifunga taa zile, na jua lilipokuchwa akaielekeza motokaa ukutani mwa gereji, akawasha. Nikaona kwa macho yangu mwanga unapanda upande wa kulia, mahali hasa patakapokuwa uso wa dereva ajaye. Akasema, "Jana hukuonekana ukaponea chupuchupu. Leo utaonekana, na yeye hataona kitu kingine."

Nalirudi Tanga. Yule muuza spea hakukubali kunirudishia fedha, akasema bidhaa ikitoka dukani imetoka. Nikanunua nyingine katika duka la pili, zenye mshale, kwa bei yake kamili. Hivyo nikalipa mara moja na nusu kwa kitu ambacho ningelilipia mara moja. Mabati ya nyumba yangu yakangoja mwaka wa pili.

Tulipokuwa tukizitia taa za sawa, nikataka kusaidia, nikaishika globu kwa vidole kwenye kioo chake. Mzee akaninyang'anya, akaipangusa kwa kitambaa safi na spiriti. Globu ya halojeni huwaka kwa moto mkali sana, na kioo chake ni cha namna ya peke yake kiwezacho kustahimili moto huo. Lakini mafuta ya kidole yakibaki juu yake, mahali pale hupata moto kuliko pengine, kioo kikadhoofika, na globu ikafa kabla ya wakati wake. Tangu siku ile huishika kwa kitako chake cha chuma.

Tukawasha. Nuru ikaja, lakini ilikuwa ya manjano na dhaifu. Nikakata tamaa, nikadhani nimedanganywa tena. Mzee akaleta kipimo cha umeme. Injini ikiwa yazunguka, kwenye betri alipata volti 14. Kwenye globu alipata 11. Akaniuliza, "Mwalimu, volti tatu zimekwenda wapi?"

Wanafunzi wangu, hebu fikirini mstari wa watoto wanaopokezana ndoo ya maji kutoka mtoni mpaka shuleni. Kila mtoto akimwaga kidogo, ndoo itafika nusu, ingawa ilijaa mtoni. Umeme nao ni hivyo. Kila palipo na kutu, na waya mwembamba, na kifungo kilicholegea, hupungua. Na globu haisamehe: volti zikipungua kidogo, nuru hupungua sana. Punguza sehemu moja katika kumi ya volti, nawe utapoteza karibu sehemu tatu katika kumi ya nuru.

Tukautafuta upotevu ule. Kwanza, waya wa kurudishia umeme katika bodi ulikuwa umefungwa juu ya kutu. Mzee akaufungua, akapasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga tena, akapaka grisi juu yake. Pili, umeme wote wa taa ulipita katika swichi ya usukani. Nyuzi mbili za wati 60 ni wati 120. Zigawanyeni kwa volti 12, mtapata ampea 10. Umeme mwingi namna ile ulipita katika swichi ndogo kwa miaka mingi, nayo ilikuwa imeungua ndani. Ukiigusa ilikuwa ya moto. Mzee akatia rilei mbili, moja ya mwanga wa juu na moja ya mwanga wa chini, zenye waya nene kutoka katika betri, na kila moja na fyuzi yake. Rilei ni kama bawabu mwenye nguvu: bwana wa nyumba hunong'ona tu, na bawabu ndiye afunguaye lango zito. Swichi sasa hunong'ona. Alipopima tena, globu ilipata zaidi ya volti 13, na nuru ikawa nyeupe.

Kazi ya mwisho tuliifanya shuleni, nami nikaifanya iwe somo la hesabu. Tuliisimamisha motokaa mahali pa sawa, mita 10 kutoka ukuta wa darasa. Kijana yule wa darasa la sita alikuwa amekwisha rudi, bado akitembea ameshika ubavu. Nikampa chaki. Wenzake wakapima kutoka chini mpaka katikati ya taa, wakapata sentimita 90. Kwa motokaa nyingi yafaa mwanga wa chini uteremke sentimita moja katika kila mita moja. Basi katika mita 10 lazima uteremke sentimita 10. Kijana akachora mstari ukutani sentimita 80 kutoka chini. Giza lilipoingia tukawasha, na mzee akazungusha skrubu za taa, moja ya kupandisha na kushusha, na moja ya kupeleka kando, mpaka ukingo wa mwanga ukalala juu ya mstari wa chaki.

Nikawauliza, "Ukishuka sentimita moja kila mita, ukingo wa mwanga utagusa ardhi mita ngapi mbele?"

Wakajibu pamoja, "Mita 90!"

"Na motokaa iendayo kilomita 60 kwa saa hupita mita ngapi kwa sekunde moja?"

Walichelewa kidogo, kisha kijana mwenye chaki akasema, "Karibu mita 17, Mwalimu." Akatazama ukuta, akatazama motokaa. "Basi ukichelewa kuona sekunde moja tu, umekwisha pita darasa letu lote."

Hesabu ile ilikuwa sahihi. Nalimpa alama zote.

Ilibaki tochi ya utingo. Mwenyewe nalimtafuta sokoni Lushoto wanakopakia mboga, nikaambiwa ametoka kwenda Mombo kuchukua spea na atapanda jioni. Nikakutana na lori lao njiani nilipokuwa nikishuka, giza limekwisha ingia, karibu na kona ileile. Liliniona kwa mbali, nami nikaona mataa yake mawili yakisogea upande wake mapema, kwa adabu, yakaniachia nafasi yangu kamili. Tukasimama. Nikamrudishia utingo tochi yake, na betri mpya ndani.

Dereva akatoa kichwa dirishani akasema, "Leo, Mwalimu, nimeona motokaa nzima."

Nikamwambia, "Ndiyo nzima, Bwana. Ile ya siku ile mlikuwa na haki msiione, maana mwenyewe nalikuwa nimeificha nusu."

Wanafunzi wangu, ninyi wengi hamna motokaa bado. Lakini mna baiskeli, na baba zenu wana pikipiki, na jioni mnatembea kando ya barabara kwa nguo nyeusi. Msiseme, Mimi naiona njia, yatosha. Jiulizeni pia kama yule ajaye anawaona. Na jambo dogo likiharibika, lirekebisheni wakati lingali dogo, kabla halijawa swali kinywani mwa mtoto mgonjwa, ambalo mwalimu wake hana jibu lake.